SURFER

SURFER ni programu ya kompyuta inayochora nyuso za aljebra, yaani maumbo yanayofanywa na nukta zote zinazotosheleza mlinganyo wa polinomia wenye vigeu x, y na z. Mtumiaji huandika mlinganyo, na papo hapo umbo hujitokeza likiwa na rangi na mwanga, tayari kuzungushwa. Iliundwa Ujerumani kwa ajili ya maonyesho ya IMAGINARY ya Taasisi ya Utafiti wa Hisabati ya Oberwolfach, yaliyoanza 2008, mwaka ambao nchi hiyo iliutangaza kuwa Mwaka wa Hisabati.

Asili

Kabla ya kompyuta, nyuso hizi zilifinyangwa kwa plasta. Wanahisabati Felix Klein na Alexander Brill walisimamia kazi hiyo mjini Munich katika miaka ya 1870, na mwaka 1893 Klein alipeleka vielelezo vya aina hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Vingine vimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Göttingen. SURFER yenyewe imetokana na Surf, programu ya Stephan Endrass, iliyokuwa na uwezo mkubwa ila ngumu kwa asiye mtaalamu.

Utendaji

Kutoka jicho la mtazamaji, mnyoofu mmoja, yaani mstari ulionyooka, hupitishwa katika kila nukta ya skrini. Mnyoofu huo ukiingizwa katika mlinganyo, vigeu vitatu hubaki kimoja tu, na kazi huwa ni kutafuta vipeuo vya mlinganyo, yaani thamani zinazoutosheleza. Kipeuo kilicho karibu zaidi na jicho ndicho mahali uso unapoonekana. Hakuna kipeuo, hakuna uso. Umbo hukatwa na tufe lisiloonekana, kwa kuwa nyuso nyingi hazina mwisho, na pande mbili za uso hupewa rangi tofauti. Herufi a, b na nyinginezo zikiwekwa ndani ya mlinganyo hugeuka vitelezi: mtu akikisogeza kimoja, umbo huvimba, hupasuka au hutoweka.

Nyuso mashuhuri

Ulio rahisi na kupendwa kuliko zote ni Zitrus wa Herwig Hauser, mwanahisabati wa Austria. Mlinganyo wake, x² + z² = y³(1 − y)³, hutoa limau kamili lenye ncha mbili. Uso wa Clebsch, wa kipeo (digrii) cha tatu, una mistari 27 iliyonyooka ambayo yote huonekana kwa macho. Kuwapo kwa mistari 27 katika nyuso laini za kipeo hicho kulithibitishwa na wanahisabati Cayley na Salmon mwaka 1849.

Fahari ya programu, hata hivyo, ni nyuso zenye ncha nyingi. Kwa kipeo cha sita, Francesco Severi alidai mwaka 1946 kuwa ncha haziwezi kuzidi 52. Dai hilo lilikuwa kosa. Mwaka 1996 Wolf Barth alitoa uso wenye ncha 65, uliopangika kwa ulinganifu wa umbo la pande 20, na mwaka uliofuata Jaffe na Ruberman wakathibitisha kuwa 66 haiwezekani. Kwa kipeo cha saba, Oliver Labs alipata ncha 99. Kwa kipeo cha nane zinajulikana 168, na aliyezipata ni Endrass huyohuyo wa Surf.

Udhaifu

SURFER huchora polinomia peke yake. Anayetaka sini au kosini atafute chombo kingine. Vipeo vikiwa vikubwa, picha huchafuka karibu na ncha. Udanganyifu wake mkubwa zaidi uko katika mwavuli wa Whitney, x² = y²z. Uso huo una mpini, yaani nusu ya chini ya mhimili wa z, lakini mpini hauna unene, kwa hiyo minyoofu ya jicho huupita pembeni. Mtazamaji huona kitambaa bila fimbo na kudhani ameona mwavuli wote.

Matumizi

Hutumika katika majumba ya makumbusho, mara nyingi kwenye skrini ya kugusa, na katika madarasa. Hupatikana bure.