Mtepe: Chombo Kilichojua Kulegea



Kila siku maelfu yetu twavuka Likoni kwa feri. Feri ni chuma. Wimbi likiipiga huioni ikijikunja. Lakini kwa karne nyingi wazee wetu wa pwani walisafiri kwa chombo kilicholegea pamoja na bahari. Chombo hicho chaitwa mtepe.

Mafundi wa visiwa vya Lamu waliunda mtepe bila msumari wa chuma. Walitoboa mbao, wakazishona kwa kamba za makumbi ya nazi, hayo hayo makumbi ambayo leo Kisauni na Likoni twayatupa. Tanga lake la mraba lilikuwa mkeka wa miyaa.

Si ati hawakujua chuma. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, ataja watu wa Mombasa wakichimba chuma. Basi kwa nini washone?

Ibn Jubayr alivuka Bahari ya Sham mwaka 1183 akienda Hijja, kutoka Aidhab hadi Jeddah, kwa chombo cha kushonwa. Aeleza kwamba mbao zilipakwa mafuta, na bora ni ya papa, ili zilainike kwa sababu ya wingi wa miamba. Ibn Battuta, aliyelala hapa Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, naye alieleza vivyo hivyo: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kushonwa hunepa kikanusurika.

Tuangalie sababu yake. Wimbi likipiga kitu kigumu, nguvu nyingi hukusanyika mahali pamoja, na ubao hupasuka pale penye tundu la msumari. Ubao ulioshonwa husogea kidogo, kamba ikavutika, na nguvu ikagawanyika chombo kizima. Na ubao ukisogea, maji nayo hubadili njia yao. Tanga ni hivyo hivyo: upepo hulijaza likafanya tumbo, na tumbo hilo huugeuza upepo, chombo kikasukumwa mbele. Kila mmoja humuumba mwenzake. Wahandisi wa leo wasoma jambo hili kwa kompyuta, katika mabawa ya ndege, madaraja na hata mishipa ya damu.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi, lakini. Mtepe ulivuja. Mabaharia walifua maji mchana na usiku, na kamba zilihitaji kushonwa upya kila mara. Ulegevu una gharama yake. Majahazi ya misumari yalipozidi, mitepe ikapungua, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imetoweka.

Mwaka 2003 mtepe uliundwa tena Zanzibar, ukawekwa Beit al-Ajaib. Mafundi wale walilazimika kutazama mifano na picha za zamani. Mzee wa kuwaambia "kaza hapa, legeza pale" hakuwako tena.

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu zangu. Picha yaweza kukuonyesha kamba imepita wapi. Haiwezi kukuonyesha imekazwa kiasi gani, na siri ya mtepe ilikuwa katika kiasi hicho. Mtongwe na Likoni wangaliko wazee wanaojua kushona tanga na kusuka kamba. Keti na mmoja wao. Umuulize, na umtazame mikono.