Mji wa Amu na Malezi ya Waimbaji Wake

Wanaoandika historia ya taarabu aghalabu huanzia Unguja, katika jumba la Sayyid Barghash, kisha wakapanda hadi Mombasa, kana kwamba miji iliyo kaskazini zaidi ilikaa kimya ikingoja kufundishwa. Athari ya Misri juu ya muziki wa Unguja haikanushiki. Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi kumfahamisha mtu Zein l'Abdin Ahmed, mpigaji udi aliyezaliwa Amu (Lamu) mwaka 1939 na kufariki mwaka 2016. Sifa aliipatia Mombasa, na sahani yake iliyotolewa Uingereza mwaka 1990 ikapewa jina la Mtindo wa Mombasa. Jina hilo lapotosha. Mombasa ilimpa soko na wasikilizaji wengi. Kilichoimbwa kilikuwa na asili kwengine.

Amu ni mji mdogo, wenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Katika mji wa namna hiyo hakuna muziki wa faragha. Anayejifunza chombo husikiwa na jirani tangu siku ya kwanza, na jirani huyo aghalabu ni mjuzi wa mashairi. Tena mji umegawanyika sehemu mbili, Mkomani na Langoni, na mashindano yao ya ngoma na ya kujibizana kwa tungo yaliwafanya watu kuwa wasikilizaji wakali. Ubeti wenye kina kilichokosewa haukusamehewa kwa kuwa sauti ilikuwa tamu.

Mfano bora wa malezi hayo, kabla ya Zein, ni Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Yeye alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchonga mbao, mshairi na mpiga muziki, na nakala yake ya Utenzi wa Fumo Liyongo ya mwaka 1913 ndiyo iliyowafikia wataalamu wa Ulaya. Mtu wa leo hustaajabu kuona kazi hizi zote mikononi mwa mtu mmoja. Kwa Waamu hapakuwa na ajabu: nyimbo za gungu zilizonasibishwa na Liyongo zilikuwa mashairi na ngoma kwa pamoja, na kuzitenga ni desturi ya vitabu.

Dini nayo haikuwa pembeni. Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, aliasisi Msikiti wa Riyadha huko Langoni na kuingiza matari katika kusoma maulidi, huku akiwapokea na kuwafundisha watu wanyonge ambao masharifu wa zamani hawakuwajali. Baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga vikali. Ugomvi huo wastahili kuzingatiwa kuliko ulivyozingatiwa, kwa sababu ulilifanya suala la halali ya muziki kuwa mazungumzo ya barazani. Kijana wa Amu aliyeshika udi alijua kuwa atahojiwa, na ngao yake kubwa ilikuwa maneno: wimbo uliobeba hekima na lugha ya wazee haukuwa mwepesi kukemewa.

Hapo ndipo Zein alipotofautiana na wengi wa rika lake. Wakati waimbaji kadhaa wa Mombasa walipokuwa wakitia maneno ya Kiswahili katika lahani za sinema za Kihindi, yeye alizifuata tungo kongwe za kaskazini, akisaidiwa na Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mjuzi wa Kiamu na mbunaji wa istilahi. Maneno kama mato, ndia na mai, ambayo kwa msomi wa bara huhitaji ufafanuzi, kwake yalikuwa lugha ya nyumbani. Ndiyo maana hakuyatamka kama vitu vya makumbusho.

Ni haki kuongeza kwamba mji huo huo haukuweza kuwalisha wanamuziki wake. Kibangala, kilichochongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi, kiliachwa udi ukashika nafasi yake. Na mpigaji udi aliyetaka riziki ilimbidi aende Mombasa, kwenye harusi nyingi na maduka ya kanda. Vugo la wanawake, kwa kuwa lilikaa ndani ya harusi za mji wenyewe, halikulazimika kusafiri, wala halikurekodiwa kiasi hicho. Kutojulikana kwake nje kusichukuliwe kuwa ni uchache.

Waliosafiri zaidi ni maneno. Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Mau, alibaki Amu akioka mikate na kutunga. Baadhi ya tungo zake ziliimbwa na Zein Mombasa, na Wasiya wa Mabanati wake wa mwaka 1974 ulienea pwani nzima kwa kanda za kaseti, ukasikizwa na wengi ambao hawajapata kutia mguu Amu.