Jiwe Lenye Namba

Ukiiacha barabara kuu ya Nairobi–Nakuru baada ya Gilgil na kushika njia ya kwenda Kariandusi, viatu vyako vitakuwa vyeupe kabla hujafika. Vumbi hilo ni la diatomaiti, mabaki ya mwani wa ziwa lililokauka zamani, na machimbo yake yako hapo jirani. Makumbusho yenyewe ni madogo. Mgeni huonyeshwa mashoka ya mkono, mengi ya jiwe la volkeno la kijivu na mengine ya kioo cheusi cha volkeno, halafu hupelekwa kwenye shimo alilochimba mwanaakiolojia Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka yenyewe yana umri wa miaka laki kadhaa, pengine inakaribia milioni moja.

Wageni wengi huuliza jiwe lilikatia nini. Mimi huvutiwa zaidi na kazi ya wino. Wanaakiolojia wana desturi ya kuandika namba ndogo kwenye jiwe walilolichimbua, na namba hiyo huingizwa daftarini: lilitoka shimo gani, tabaka gani, siku gani. Namba ikifutika au daftari likipotea, shoka linarudi kuwa jiwe. Mwaka 1994 John Gowlett na Robin Crompton wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha utafiti juu ya mashoka ya Kariandusi. Waliyapima urefu, upana na unene, wakitaka kujua kama shoka kubwa ni shoka dogo lililokuzwa tu, au fundi alibadili umbo kadiri jiwe lilivyokua. Swali kama hilo linajibika kwa sababu tu kuna aliyetunza mawe pamoja na daftari lake.

Leakey huyohuyo alionja upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1937 alianza kuandika habari za Wakikuyu wa kusini jinsi walivyoishi kabla ya 1903: ardhi, ndoa, tohara, mbuzi wa mahari, kesi mbele ya wazee. Alikaa na wazee hao akawauliza na kuandika, hata kitabu kikawa kirefu mno, na wachapishaji wakamtaka akipunguze. Alikataa, karatasi zikawekwa. Vita vikaja, Mau Mau ikaja, uhuru ukaja. Leakey akafa mwaka 1972, na kitabu kikatoka mwaka 1977, majuzuu matatu. Kwa karibu miaka 40 maelezo hayo yalitegemea uhai wa mtu mmoja na uzima wa kabati lake. Hapakuwa na dawati la chuo la kumwambia, lete tukutunzie.

Madawati ya aina hiyo yalikuja polepole. Makerere ilipata taasisi ya utafiti wa jamii wa Afrika Mashariki mwaka 1948, na chini ya Audrey Richards taasisi hiyo ikachunguza vibarua waliokuwa wakimiminika Buganda kutoka Ruanda-Urundi. Nairobi ilipata Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo mwaka 1965. Michael Todaro na Joseph Stiglitz walipita hapo wakiwa vijana, na swali la kwa nini watu huhamia mjini hata kazi zikikosekana lilichemshwa Nairobi kabla ya kuenea duniani. Huko nje, Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na hifadhi ya data za jamii tangu 1962, na Essex nchini Uingereza tangu 1967. Kwetu, mtafiti alimaliza kazi, akachapisha, akapanda ndege, na hojaji zake akazibeba au akaziacha chini ya ngazi.

Njia ya kutokea hapo ilianzia upande wa pili wa mji wa Nakuru. Egerton, pale Njoro, ilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima ya vijana wa walowezi, kwenye ardhi aliyoitoa Lord Maurice Egerton, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Karibu na wakati huo chuo kilikuwa na mradi wa kuchambua sera za kilimo uliosaidiwa na Marekani, na mradi huo ndio uliozaa Taasisi ya Tegemeo. Ofisi zake ziko Nairobi, lakini mama yake ni Egerton.

Mwaka 1997 Tegemeo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ilituma wahojaji kwenye wilaya 24, Nakuru ikiwamo, kwa kaya zipatazo 1,500. Kuhoji kaya hakukuwa jambo jipya, serikali ilikwisha kulifanya. Jipya lilikuwa kurudi. Walirudi mwaka 2000, wakiwa wameziacha wilaya mbili za wafugaji, Turkana na Garissa. Wakarudi 2004, 2007 na 2010, mlango uleule, jina lilelile la mwenye nyumba kwenye karatasi.

Kurudi kunataka mambo ambayo hakuna anayeyapigia makofi. Kila kaya iwe na namba isiyobadilika hata mzee akifariki na mwana akashika shamba. Swali liulizwe jinsi lilivyoulizwa miaka saba iliyopita, hata kama mtaalamu mpya ana namna anayoiona bora. Halafu kuna vipimo. Mkulima akiulizwa alivuna kiasi gani, hasemi kilo. Atasema magunia manne na debe moja, na mengine tumekula yakiwa mabichi. Akiulizwa alinunua mahindi kiasi gani msimu wa njaa, atasema gorogoro, yaani ule mkebe wa kilo mbili uliobaki mafuta ya kupikia yalipokwisha. Gunia la mahindi makavu ni kilo 90. Gunia la viazi ni jambo jingine kabisa, likivishwa kilemba, yaani likijazwa kupita mdomo wake, ndiyo balaa. Yote hayo lazima yapewe misimbo, kila msimbo uandikwe kwenye kijitabu, na kijitabu kitunzwe pamoja na data. Bila hicho, safu ya namba kwenye kompyuta ni yale mawe yaliyofutika wino.

Faida yake ilionekana mwaka 2011, Tavneet Suri wa chuo cha MIT alipochapisha katika jarida la Econometrica uchunguzi uliotumia data hizo. Watu walikuwa wakishangaa mkulima anayekataa mbegu chotara ilhali zinazaa zaidi. Kwa kuwa kaya zilezile zilifuatwa miaka mingi, Suri aliweza kuona kwamba kuna wakulima ambao chotara zingewafaa sana lakini wako mbali na maduka ya mbegu na mbolea, gharama ya kuzifikia ikiwazuia, na kuna wengine ambao kwao hazileti tofauti kubwa. Kwamba mkulima si mjinga, bibi yangu angekuambia bure. Ila wizara haiwezi kupanga bajeti kwa kumnukuu bibi yangu.

Kati ya mzunguko wa 2007 na ule wa 2010 zilipita ghasia za baada ya uchaguzi, mapema 2008, na msomaji wa Nakuru hahitaji kukumbushwa. Kwenye utafiti wa kurudi, kaya isiyopatikana nayo ni jibu. Mpaka 2010, zile zilizokuwa zimehojiwa mara zote tano zilikuwa zimebaki elfu moja na mia mbili na kitu. Wengine walikufa, wengine walihama, wengine walichoka kuulizwa.

Siku hizi mwanafunzi wa uzamili anapita kwenye kamati ya maadili ya chuo, anaomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 anatakiwa aeleze majina ya watu atayafichaje. Wanafunzi wanalalamika, nami nawaelewa. Zamani zangu nilihoji akina mama wa soko fulani, hojaji kama sitini hivi, nikaziweka kwenye katoni stoo, na hakuna mtu chuoni aliyewahi kuniuliza ziko wapi. Mchwa waliuliza. Nilipofungua katoni nilikuta kurasa za katikati zimetoboka mviringo, kana kwamba kuna aliyezipiga muhuri.

Nikitoka Kariandusi jioni nilisimama kwa mama mmoja anayeuza nafaka kando ya njia.

"Mahindi gorogoro ni pesa ngapi, mama?"

"Ya kujaza ama ya kufuta, kasta?"

Akachota, akarundika, akanimiminia kwenye mfuko. Aliporudisha mkebe juu ya gunia ulilala kifudifudi, nami nikauona: kitako kimebonyezwa ndani, kwa ustadi, karibu vidole viwili.