Olorgesailie: Mlima wa kwenda na kurudi

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, Kitengela imeshaamka. Kwenye vituo vya mafuta kando ya barabara ya Namanga utawakuta wamejikunyata ndani ya jaketi, mikoba mgongoni, viatu vya mtumba vimefungwa kamba barabara: walimu, makarani, wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Wanasubiri matatu ya kukodi. Zamani kijana wa rika hili angekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka disko saa hizo. Siku hizi anakwenda kuhaiki, na jioni atakuwa amerudi nyumbani na vumbi la Kajiado hadi kwenye nyusi.

Gari hushika njia ya Isinya, likakata kulia kuelekea Kiserian, kisha likaingia barabara ya Magadi. Ukipita Kona Baridi, nchi inaporomoka chini yako. Jaketi zinavuliwa moja baada ya nyingine. Vilima vya Ngong, vyenye kilele cha mita 2,460 na umande wa asubuhi, vinabaki nyuma. Mbele ni bonde lenye joto, migunga, mbuzi na mawe. Kituo kidogo cha Oltepesi kimepata jina kutokana na mti huo huo wa mgunga, ambao Wamaasai huuita oltepesi. Kisha unajitokeza mlima wenyewe, Olorgesailie, volkano iliyozimika kitambo, kimo chake kama mita 1,760 juu ya usawa wa bahari. Si mrefu. Lakini anayeupanda saa tano mchana akiwa na chupa moja ya maji hujuta, na nasema haya kwa kuwa yalinipata.

Januari 2027 itatimia miaka 80 tangu wanasayansi waliokutana Nairobi katika kongamano la kwanza la Afrika kuhusu historia ya kale walipopelekwa kwenye bonde lililo chini ya mlima huu kuonyeshwa mashoka ya mawe. Mwaka huo huo wa 1947 eneo likafunguliwa kwa umma, nayo makumbusho ya Olorgesailie yako pale hadi leo. Sherehe ikifanyika au isifanyike, mwandishi huyu ana neno: wakwea milima wetu wengi wanapita kando ya lango hilo kana kwamba ni choo cha barabarani. Wanaujua mlima. Wasichojua ni kwamba safari yao ya kwenda na kurudi siku moja ilianza kabla hajatokea mtu wa aina yetu duniani.

Tuanze na mawe. Palipo na vumbi leo palikuwa na ziwa, ambalo lilijaa na kukauka mara nyingi kwa maelfu ya karne. Tabaka nyeupe unazoziona kwenye makorongo si chokaa; ni mabaki ya mwani mdogo mno ulioishi katika maji hayo. Ndani ya tabaka hizo, zilizoanza kulundikana kama miaka milioni 1.2 iliyopita, mna mashoka ya mawe kwa maelfu. Mengi yamechongwa kwa mawe ya volkano yaliyotoka mlimani. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu, au jamaa zetu wa kale, waliokuwa wakipita miteremko hii wakichagua jiwe lililo imara na kulibeba kwa mikono hadi ufuoni. Hawakuwa na mkoba.

Karne zilizofuata nitazipita upesi, maana zimeandikwa kwingine. Wamaasai walipita hapa na ng'ombe wao, na njia nyingi tunazozifuata Jumamosi ni njia za mifugo. Katika miaka ya 1880 misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilipita nchi hii, wapagazi Waswahili na Wanyamwezi wakiwa na mizigo vichwani. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawahamisha Wamaasai kutoka malisho yao mazuri na kuwasukumia kusini, sehemu ambayo leo ni Kajiado na Narok. Kisha yakaja magadi: kampuni ya kuyachimba ikaundwa 1911, na reli ikatandazwa kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado hadi Ziwa Magadi. Mwaka 1919 mwanajiolojia John Walter Gregory, yule aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la Kizungu, akapita karibu na Olorgesailie, akaona mashoka ya mawe, akayaandika, akaenda zake. Kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyerudi kuyatafuta kwa dhati.

Pasaka ya mwaka 1942 ndiyo iliyobadili mambo. Dunia ilikuwa vitani. Louis Leakey alikuwa akiwatumikia wapelelezi wa polisi Nairobi huku akiitunza makumbusho ya mjini, na siku zake za kuchimba zilikuwa za likizo na mwisho wa wiki tu, kama sisi. Alishuka bondeni na mkewe Mary, wakatawanyika wakitembea huku macho yako chini, kila mmoja na upande wake. Louis akaona mashoka, akaita. Karibu wakati huo huo Mary naye akawa anamwita mumewe, na Louis aliposogea alikuta kwamba alichokiona mkewe kinashinda chake mara nyingi: mashoka mamia kwa mamia, mengine makubwa hata mtu wa leo angehitaji mikono miwili kuyatumia, yametapakaa juu ya ardhi kana kwamba wenyewe wameyaweka chini na kwenda kunywa maji.

Uamuzi uliofuata ndio ninaousifu zaidi. Mashoka mengi yaliachwa pale pale, wakajenga njia ya mbao iliyoinuliwa ili mgeni apite juu yake na kutazama chini. Kwa kazi ya kuchimba, Mary alisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliopewa ruhusa ya kutoka kambini. Hebu fikiria: Mwitaliano aliyekamatwa katika vita vya Uhabeshi, anaishia kupangusa vumbi kwenye shoka la miaka laki kadhaa katika nchi ya Wamaasai, huku simba akinguruma usiku. Mary alipoandika maisha yake katika kitabu cha 1984, Disclosing the Past, Olorgesailie ilipata nafasi yake. Waafrika waliobeba maji na kushika sururu katika mashimo hayo hawakupata vitabu vyao, na hilo ni pengo ambalo wanahistoria wa Kajiado wangepaswa kulijaza wakati wajukuu wa wachimbaji hao wangali wanakumbuka.

Sasa tufike kwenye ugomvi wa nyani, ambao kila kiongozi wa matembezi angepaswa kuujua, maana nyani wangali huko.

Mwaka 1961 alifika msimamizi kijana kutoka Cape Town, Glynn Isaac. Alikaa bondeni miaka kadhaa akichimba kwa utaratibu ambao watangulizi wake hawakuwa na muda nao. Katika sehemu moja alikuta kitu cha kushangaza: mifupa ya nyani wakubwa waliokwisha toweka duniani, jamaa za wale gelada ambao leo wanaishi milima ya Ethiopia peke yake. Hawakuwa wawili au watatu. Ilikuwa mifupa ya zaidi ya 50, wakubwa kwa wadogo, imevunjwavunjwa, na kati yake mashoka na mawe tele. Hesabu ikaonekana rahisi: mashoka pamoja na mifupa, basi waliwaua na kuwala. Wengine wakakumbusha kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huwawinda nyani usiku, wakiwazingira kwenye majabali wanakolala. Ikaanza kujengeka picha ya kundi la mababu zetu wakipanda kimyakimya gizani, marungu mkononi.

Isaac mwenyewe alikuwa mtu wa tahadhari. Kitabu chake kikubwa kuhusu Olorgesailie kilitoka 1977, na mara Mmarekani Lewis Binford, mtu aliyependa mjadala kama wengine wanavyopenda chai, akaandika makala ndefu kukichambua. Hoja yake kuu haikuwa ngumu kueleweka. Mifupa na mawe kulala pamoja si ushahidi kwamba vilitumika pamoja. Kijito huleta mawe, kijito huleta mifupa, na mifupa hiyo ilikutwa palipopita kijito cha zamani. Ukikuta ganda la ndizi kando ya gari lililopinduka, huwezi kusema ndizi ndiyo iliyoliangusha.

Mwaka 1981 Pat Shipman na wenzake wawili wakajibu. Walilinganisha jinsi mifupa ya Olorgesailie ilivyovunjika na mifupa ya nyani wa jamii hiyo iliyokutwa kwingine, wakahitimisha kwamba mvunjiko huu ni kazi ya wachinjaji, si ya fisi wala ya maji. Binford hakunyamaza. Mwaka uliofuata yeye na Lawrence Todd wakachapisha majibu, wakisema tofauti hizo zina maelezo mengine. Isaac alifariki 1985 akiwa na miaka 47 tu, na bonde likampoteza mtu aliyelifahamu kuliko mwingine yeyote wa wakati wake.

Mimi si mwanasayansi, lakini upande wangu ninao. Mkulima yeyote aliyewahi kukesha shambani akilinda mahindi anajua kwamba kumpata nyani mmoja ni kazi, sembuse hamsini. Kama waliuawa, nadhani waliuawa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, mahali pale pale palipokuwa pazuri kwa kuvizia. Picha ya usiku mmoja wa marungu ni tamu mno kuwa kweli. Na nyani wa leo, wanaoketi kwenye majabali wakitutazama tukifungua mayai ya kuchemsha, hawana dalili ya kutuogopa.

Baada ya Isaac alikuja Richard Potts wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, akishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na amekuwa akirudi tangu 1985. Yeye ndiye aliyenipa ufunguo wa makala haya. Tatizo lililomsumbua kila mchimbaji wa Olorgesailie ni hili: mashoka maelfu, mifupa ya wanyama isiyohesabika, lakini mwenye mashoka hayupo. Miaka 60 hakuonekana. Hatimaye mwaka 2003 vikapatikana vipande vya fuvu la kichwa, umri wake kama miaka 900,000. Habari ikatangazwa mwaka uliofuata. Fuvu ni dogo, na wanasayansi wakaendelea kubishana liwekwe kwenye ukoo gani.

Kwa nini ilikuwa vigumu hivyo kumpata? Potts alikuwa na dhana yake. Ufuo wa ziwa ulikuwa mahali pa hatari usiku, pana simba, fisi na mamba. Huenda watu wale walishuka mchana kufanya kazi, kuchinja na kula, kisha jua likielekea kuzama wakapanda kulala kwenye miinuko ya mlima. Mlimani mifupa haihifadhiki kama kwenye matope ya ziwa. Huoza na kupotea. Ndiyo maana bondeni tunakuta vyombo bila wenyewe.

Dhana ni dhana. Lakini ukiwa umekaa juu ya jabali saa nane mchana, miguu inatetemeka, ziwa lililokauka linang'aa chini yako, inakuingia kwa njia ambayo kitabu hakiwezi kuifanya. Tofauti ni kwamba wao walishuka asubuhi na kupanda jioni. Sisi tunafanya kinyume, tena tunalipa nauli.

Kuna pia nyongeza ya 2018. Katika tabaka changa zaidi, zenye umri wa miaka kama 320,000, vilikutwa vyombo vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, vingine kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, obsidiani. Jiwe hilo halipatikani Olorgesailie. Lilitoka kilomita 25 hadi 90 mbali. Pamoja nalo kulikuwa na mawe ya rangi, nyeusi na nyekundu. Ama walilifuata wenyewe, ama walilipata kwa majirani waliobadilishana nao. Vyovyote vile, kuna mtu alitembea.

Kuhusu miaka ya karibuni sina mengi. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa 1949, iliwazoesha wakazi wa Nairobi kupanda milima mwisho wa wiki, ingawa kwa muda mrefu ulikuwa mchezo wa Wazungu na wachache waliosoma nao. Baadaye zikaja simu zenye kamera, makundi ya WhatsApp, na miji ya Kitengela, Rongai na Ngong iliyojaa vijana wasiotaka kukaa ndani Jumamosi. Wamaasai wanaoishi chini ya mlima sasa wanapata shilingi chache kwa kuwaongoza wageni kwenye njia za mbuzi wao. Ni jambo jema, na lingekuwa jema zaidi kama kiongozi angelipwa kabla ya matatu kuwasha injini, si baada ya mabishano.

Kinachoniuma ni kitu kimoja. Vitabu vikubwa vya bonde hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na sijawahi kushika hata kimoja cha Kiswahili, wala cha Kimaa, ambacho mtoto wa shule ya Oltepesi angeweza kumsomea babu yake. Miaka 80 ni mingi kwa kisingizio chochote.

Basi msomaji, kundi lako likipanga safari ya Olorgesailie, muwe mmeondoka mjini kabla ya mapambazuko, na kila mtu awe na lita tatu za maji. Mpate kiongozi mwenyeji na mkubaliane bei mapema. Mkishuka, msikimbilie nyama choma ya njiani. Ingieni langoni, tembeeni hadi kwenye ile njia ya mbao, mtazame chini. Mashoka yangali pale Mary alipoyakuta.