Kutoka kibaba cha mpagazi hadi sembe: safari ya makapi

Kwenye mashine za unga za Tabora, iwe Cheyo au Kwihara, swali ni lilelile: unakoboa au unasaga dona? Wengi hukoboa. Sembe nyeupe hurudi nyumbani, pumba hubaki kwa kuku na nguruwe.

Mababu wa mji huu hawakuwa na swali hilo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, makazi yaliyokuja kuwa Tabora, Novemba 1857, njia ya Bagamoyo ilikuwa imeshazoea nyayo za wapagazi wa Kinyamwezi. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Mtama, uwele au mahindi yalitwangwa kinuni au kusagwa kwa jiwe. Ungo ulipunguza makapi, haukuyamaliza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ulianza kufifia. Neno posho liliendelea na safari: Uganda, posho leo ni ugali.

Ni Uganda hukohuko ambako Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi kuanzia 1946 hadi 1966. Katika hospitali ya Mulago, yeye na mwenzake Hugh Trowell waliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo: kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36, kwa mabaharia wa Uingereza zaidi ya saa 80. Tofauti hiyo aliihusisha na makapi-mlo, zile nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga.

Burkitt alitazama utumbo. Waliomfuata wamefika hadi kwenye mapafu. Tumbo likishindwa na nyuzinyuzi, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi zinazoingia kwenye damu. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi kwa wingi walipata uvimbe mdogo zaidi wa njia ya hewa, ule unaofanana na wa pumu. Asidi hizo zilifika kwenye uboho, ambako chembe za kinga hutengenezwa, na chembe zilizotoka huko zikaingia mapafuni zikiwa zimepungua hasira. Panya si mtu, na pumu haitibiwi kwa dona. Dawa ya kuvuta ibaki mfukoni.

Hata hivyo, mlo hugusa kinga ya binadamu. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa 2025 uliwashirikisha wanaume 77. Waliohama vyakula vya asili wakala vya Kimagharibi kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe mwilini ziliongezeka na chembe zao za kinga zikapungua makali dhidi ya vimelea.

Dona nayo ina masharti. Huharibika upesi kuliko sembe, na mahindi yasiyokauka vizuri huleta sumukuvu, ambayo kukoboa huipunguza. Wala wapagazi hawakuwa na miili ya chuma. Njaa na ndui viliwamaliza wengi njiani. Lakini nafaka yao iliingia tumboni pamoja na makapi yake. Sisi tunailipa mashine iyaondoe.