Kutoka Gombo hadi Kioo

Mwulize hafidhi aliyesomea msahafu wa Madina aya fulani iko wapi, naye huenda akakujibu kwa mahali: ukurasa wa kulia, juu. Msahafu huo, wa mkono wa khatati Uthman Taha, uchapwao na kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa Madina mwaka 1984, una kurasa 604 zenye mistari 15, na kila ukurasa huishia mwisho wa aya. Aliyehifadhi humo amehifadhi maneno pamoja na pahali pake. Tangu Dubai ianzishe mashindano yake ya Qurani mwaka 1997, vijana wetu kutoka Tanzania na Kenya wamekuja kusoma hapa, na wengi wao hivyo ndivyo walivyofundishwa.

Kompyuta, ndugu wasomaji, ilikivuruga kitu hiki. Watu wa kale walisoma gombo, na kutafuta sentensi ya katikati ilikuwa ni kukunjua mpaka mikono ichoke. Chuo chenye kurasa kikawaokoa. Hata namba za kurasa zilipokuwa hazijaenea, wanakili wa Kiislamu waliandika chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa wa pili, ili karatasi zikichanganyika zipangike. Desturi hiyo ilifika hadi pwani yetu.

Kioo kikaturudisha kwenye gombo. Mwaka 1996 Microsoft walitoa kipanya chenye kigurudumu, na kidole kimoja kikawa kinateremsha kurasa mia. Ukikuza herufi, mistari inahama: aya iliyokuwa juu leo iko katikati, kesho chini. Sikatai faida yake. Kutafuta neno kwa sekunde moja, wanakili wale wangelitoa dhahabu! Lakini hilo humfaa anayelijua neno lenyewe. Anayekumbuka tu kwamba "lilikuwa chini, karibu na mchoro" amepotea, na sisi wahandisi wenye ripoti za kurasa mia nne tunalijua hilo vizuri.

Dawa ilikuwapo tayari. PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, huufunga ukurasa ubaki kama mwandishi alivyoupanga. Programu nyingi za msahafu kwenye simu nazo zimefuata njia hiyo, zikionyesha kurasa zilezile 604. Kwa hiyo mtoto aliyeko Deira na mwalimu wake aliyeko Mombasa, kila mmoja na simu yake, wanaambiana "ukurasa wa 50", na wote wawili wanatua pale inapoanza Sura ya Al Imran.