Mungu katika hati za kuundwa kwa Marekani

Watu huuliza: je, waasisi wa Marekani walikusudia taifa la Wakristo, au walimweka Mungu kando? Wabishi huwa wanashika hati moja tu. Sisi tutazame zote mbili.

Ya kwanza ni Tangazo la Uhuru la 4 Julai 1776. Mwandishi wake, Thomas Jefferson, hakusadiki Utatu wala miujiza ya Yesu. Hata hivyo Tangazo lamtaja Muumba aliyewapa wanadamu haki zao. Tena wajumbe wenzake wakaongeza kumwita Mungu Mwamuzi Mkuu wa ulimwengu. Jina la Yesu halimo.

Katika watu 56 waliotia sahihi, Mkatoliki alikuwa mmoja tu, Charles Carroll wa Maryland. Koloni hilo lilianzishwa 1634 na jamaa ya Calvert, Wakatoliki. Lakini Waprotestanti walipopata nguvu, walikataza Misa ya hadhara, na tangu 1718 Mkatoliki hakuwa na kura. Kumbe Carroll, tajiri sana, aliyesoma kwa Wayesuiti huko Ufaransa, hakuruhusiwa kumchagua hata mjumbe wa baraza la kwao! Mtu kama huyu alitafuta nini katika uhuru? Mwaka 1829 aliandika mwenyewe kwamba alipotia sahihi hakuwaza kuachana na Uingereza tu, bali pia kuvumiliana kwa madhehebu yote ya Kikristo. Ya Kikristo, angalieni. Myahudi wa Maryland alingoja hadi 1826 ndipo akaruhusiwa kushika cheo.

Hati ya pili, Katiba ya 1787, haimtaji Mungu ila katika tarehe yake, mwaka wa Bwana wetu. Yakataza kumpima mtu kwa dini ndipo apewe kazi ya serikali ya taifa. Na nyongeza ya 1791 yazuia Bunge lisiweke dini ya taifa. Je, huo ni ukafiri? Hapana. Kanisa gani lingewekwa? Waanglikana walikuwa wengi kusini, Wakongregasio kaskazini, na hakuna aliyetaka kanisa la jirani limtawale. Lakini majimbo hayakufungwa na sheria hiyo: New Hampshire ilidai wabunge wake wawe Waprotestanti hadi 1877.

Na zile haki zitokazo kwa Muumba? Jefferson na Carroll, kila mmoja alimiliki watumwa kwa mamia. Jefferson aliandika maneno ya kulaumu biashara ya watumwa, lakini wajumbe waliyafuta. Carroll alikufa 1832, wa mwisho wa wale 56. Maryland ilifuta utumwa 1864.